SOMO: GARI MOJA LATOSHA? Kupanga Wahudumu wa Dharura kwa Hesabu



Luka 14:28 hutufundisha kukadiria kabla ya kujenga. Tutumie fundisho hilo kwa huduma ya wagonjwa wa dharura, tukichukua mfano wa Shumba, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huenda akahitaji kufikishwa Wete au Chake Chake. Mfumo wa m-mama hupokea simu kwa namba 115 na, gari la wagonjwa likikosekana, huita madereva wa jamii. Je, wangapi wawe tayari?

Mfano wa hesabu

Tuseme usiku wa saa 12 huleta wastani wa simu 2, na kila safari, kwenda na kurudi, huchukua saa 3. Kazi yote ni saa 6, nusu ya usiku. Wengi watasema gari moja latosha. Lakini dharura hazisubiriani. Mbili huweza kuja pamoja.

Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa kanuni ya kukadiria simu zinazokosa laini. Kwa mfano wetu inaonyesha:

- Gari 1: simu 1 kati ya 3 itakuta gari limeshatoka.
- Magari 2: simu 1 kati ya 13.
- Magari 3: simu 1 kati ya 79.

Magari 2 yenye dereva na mhudumu, kwa usiku 7, ni nafasi 28 za zamu kwa wiki. Kila mtu akifanya zamu 4, wanahitajika watu 7. Ongezeni 1 kwa ugonjwa na likizo.

Kwa wafadhili

Katika mpango huo magari yatasimama karibu robo tatu ya muda. Huo si uzembe. Kusubiri ndiyo huduma yenyewe.

Tahadhari

Wastani hautabiri maafa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na mamia wakapoteza maisha. Kwa siku kama hiyo inahitajika orodha ya watu wa akiba, iliyoandaliwa pamoja na masheha na viongozi wa misikiti.

Kazi ya kamati

1. Andikeni kila simu: saa ilipopigwa, gari lilipotoka, lilipofika na liliporudi.
2. Baada ya miezi 3, tafuteni wastani wenu wenyewe.
3. Jadilini: ni simu ngapi tuko tayari zikose gari?