Kurusha Droni Katika Joto la Juba



Somo la leo ni la wenzetu wanaorusha droni: wapima ardhi, wapiga picha, na wale wa mashirika ya misaada wanaokagua makambi na maeneo ya mafuriko. Wengi hufuata kijitabu kinachokuja na chombo. Vijitabu vingi husema droni ifanye kazi mpaka nyuzi 40 za sentigredi, basi. Hapa Juba, kati ya Februari na Machi, nyuzi 40 si jambo la ajabu. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa kuwa joto lilitarajiwa kufika kati ya nyuzi 41 na 45, na Februari 2025 shule zikafungwa tena. Kipimo hicho ni cha kivulini. Droni iliyowekwa juu ya boneti ya gari imekwisha kupata moto kabla haijaruka.

Tuanze na hewa. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwenye nyuzi 40 hupungua uzito kwa karibu asilimia 8 kuliko hewa ya nyuzi 15. Mapanga ya droni huinuka kwa kusukuma hewa hiyo, kwa hiyo hayana budi kuzunguka kwa kasi zaidi. Mota hula umeme mwingi na betri huisha mapema. Aliyezoea kuruka dakika 25 asizihesabu zote.

Hatari kubwa iko kwenye betri yenyewe. Betri ya lithiamu ikipata moto kupita kiasi hutengeneza gesi ndani, huvimba, na huweza kuwaka; moto wake ni mgumu kuzima. Betri iliyovimba hata kidogo isirudishwe kazini, wala isitobolewe. Iliyotoka angani isichajiwe papo hapo. Ipumzike kivulini mpaka ipoe. Wako wanaoitia kwenye barafu ili ipoe upesi. Hiyo si akili, maana unyevu huingia ndani. Wala isiachwe garini: gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60 kwa urahisi.

Saa za kazi ndizo zenye mabishano. Mpima ardhi hupenda jua la utosi kwa sababu vivuli ni vifupi na ramani hutoka safi. Lakini saa hizo ndizo zenye joto kali, tena zenye vimbunga vidogo vya vumbi vinavyoweza kuangusha droni nyepesi. Sisi tunaona saa tatu mpaka saa tano asubuhi zinatosha: jua limepanda na betri bado zinavumilia. Kazi isipokwisha, iendelee kesho yake. Tandika turubai mahali pa kurukia, vumbi lisiingie kwenye mota.

Na mrushaji je? Yeye husimama juani akitazama juu, kofia hana, maji yako garini. Akipata kizunguzungu droni iko angani juu ya watu. Wawe wawili, wapokezane, na kivuli kiwepo.

Kwa wanaopelekwa milima ya Imatong, ambako Kinyeti una mita 3,187, mambo hugeuka. Baridi ya alfajiri hudhoofisha betri: huonyesha imejaa, kisha nguvu hushuka ghafla droni ikipanda. Ziwekeni betri ndani ya koti, na droni ielee chini dakika moja kabla ya kupanda. Hewa ya huko pia ni nyepesi.

Sasa tuje kwa mwajiri. Msimamizi akiamuru droni irushwe saa saba mchana, kisha ikaanguka, mara nyingi gharama hutafutwa kwenye mshahara wa mrushaji. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa kuamini, kwa sababu ya haki, kuwa maisha au afya yake iko hatarini, alindwe asipate madhara. Kwa droni yenyewe, kinga yenu ni daftari. Kila safari andikeni tarehe, saa, joto la hewa, joto la betri kama kioo kinavyoonyesha, na jina la aliyetoa amri. Andikeni kabla ya kurusha, na mwenzenu atie sahihi.