KOMPYUTA ISIYO NA KELELE NA ISIYOMALIZA BETRI

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kujiundia kompyuta ndogo ya nyumbani. Tunataka kompyuta isiyopiga kelele na isiyokula umeme mwingi. Tutaitumia kuandika barua, kuweka daftari la kikundi, na watoto wataisomea jioni.

Somo hili limetokana na jambo tulilolikuta katika kijiji kimoja. Kikundi cha kuweka na kukopa kilinunua kompyuta kubwa ya mezani, iliyokwisha tumika mjini. Umeme wao ni wa sola. Kompyuta ilifanya kazi miezi michache, kisha betri ikawa haikai na chaji. Siku moja ilizimika katikati ya kuandika, na faili la mikopo likaharibika. Wanachama wakaanza kutazamana vibaya. Wengine walisema mhazini kala fedha. Kumbe aliyekula ni kompyuta, na alichokula ni betri!

Kelele hutoka wapi?

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipotolewa, vyombo vya ndani vitaharibika. Ndiyo maana hutiwa feni. Feni nayo inakula umeme, inavuma, tena inavuta vumbi. Sote tunalijua vumbi letu la kiangazi. Likijaa humo, joto linazidi, na feni inapiga kelele zaidi. Kelele nyingine hutoka kwenye diski za zamani, ambazo ndani zina sahani inayozunguka kama ya santuri.

Basi, kompyuta ikila umeme kidogo, joto litakuwa dogo na feni haitakuwa na kazi. Tushughulikie umeme kwanza. Ukimya utakuja wenyewe. Nyumba ya chumba kimoja mtu anaweza kuandika mahesabu usiku na mtoto akalala.

Hesabu kabla ya kununua

Nguvu ya kifaa hupimwa kwa wati. Kifaa cha wati 10 kikiwaka saa 1, kimekula wati-saa 10. Kikiwaka saa 3, kimekula wati-saa 30.

Sasa tutazame betri. Betri ya volti 12 iliyoandikwa Ah 50 ina wati-saa ngapi? Tunazidisha: 12 × 50 = 600. Lakini betri ya asidi, ile ya namna ya gari, isinyonywe kupita nusu, maana itakufa mapema. Kwa hiyo tunazo wati-saa 300 tu za kutumia.

Tuseme kompyuta kubwa pamoja na skrini yake inakula wati 100. 300 ÷ 100 = 3. Saa tatu tu betri imefika nusu, na hapo hatujawasha taa wala kuchaji simu. Tena kompyuta hiyo inataka inveta ya kugeuza volti 12 kuwa 230, na inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme njiani.

Kompyuta ndogo tutakayoiunda inakula wati 5 hivi kwa kazi za kawaida. Skrini ndogo tuipe wati 15. Jumla ni wati 20. 300 ÷ 20 = 15. Betri ni ile ile, lakini sasa tunapata saa 15 badala ya 3!

Vifaa

Kompyuta yenyewe ni kibao kimoja chenye ukubwa wa kadi ya benki, kinaitwa Raspberry Pi. Kilibuniwa Cambridge, Uingereza, ili vijana wajifunze kompyuta kwa bei nafuu. Cha kwanza kilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35. Bei imebadilika sana tangu hapo, kwa hiyo ulizeni maduka mawili matatu kabla ya kutoa fedha. Kwa kazi zetu kinafaa cha namba 4, kilichotoka mwaka 2019, chenye kumbukumbu ya GB 4.

Hakina diski ya kuzunguka. Kila kitu hukaa katika memori kadi. GB 32 inatosha kuanzia. Kadi hiyo kwanza itiwe programu ya kuendeshea kompyuta, nayo hupatikana bure. Kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti, hivyo mwombeni fundi wa mjini au mwalimu mwenye laptopu.

Boksi lake nunueni la aluminiamu, chuma kile kile cha sufuria, lile linalogusana na kibao ndani. Litapokea joto na kulitoa nje bila feni. Lisifunikwe kitambaa cha mezani. Kibao kikifika nyuzi 80 za joto hujipunguzia kasi chenyewe, nanyi mtadhani kimeharibika.

Skrini itazameni nyuma au kwenye chaja yake. Ikiandikwa volti 12, hamhitaji inveta. Hata televisheni ndogo ya sola inafaa, mradi ina tundu la HDMI. Waya wa skrini uwe na kichwa kidogo upande mmoja, maana tundu la kibao hiki ni dogo kuliko la kawaida. Wengi hununua waya wa kawaida, wakarudi dukani na nauli nyingine.

Umeme wa kibao ni volti 5, ampea 3. Kuutoa kwenye betri tunatumia chaja ya gari, lakini iwe ya ampea 3 kweli. Waya wake uwe mfupi na mnene. Mkiona alama ya radi pembeni mwa skrini, jueni umeme haufiki sawasawa.

Unganisheni kadi, skrini, kibodi na mausi kwanza. Umeme uwe wa mwisho.

Mambo mawili ya hatari

La kwanza, kompyuta hii isizimwe kwa kuchomoa waya. Kadi inaweza kuharibika na kazi yote ikapotea. Izimeni kwa amri iliyoko kwenye skrini, ngojeni taa ya kijani iache kumeta, ndipo mchomoe. Na faili la mikopo linakiliwe kwenye flashi kila siku ya mkutano. Flashi hiyo akae nayo mtu mwingine, siyo mhazini.

La pili ni saa. Kibao cha namba 4 hakina betri ya saa. Pasipo intaneti, kikizimwa hakijui ni saa ngapi wala tarehe ngapi. Kwa daftari la mikopo hili si jambo dogo: mtu aliyelipa tarehe 3 anaweza kuonekana hajalipa. Rekebisheni tarehe kila mnapowasha, au mnunue kifaa kidogo cha saa chenye betri yake.

Aliye na laptopu nzima asiiuze kwa ajili ya somo hili. Nayo hula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani, na betri yake huiokoa umeme ukikatika ghafla.

Zoezi

1. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa ngapi? Nusu yake ni ngapi?
2. Kompyuta na skrini vinakula wati 20, na taa mbili wati 5 kila moja. Vyote vikiwaka saa 4, vitakula wati-saa ngapi?
3. Katika kikundi chenu, nani atatunza flashi?