Tani za Karatasi: Ni Nchi Ipi Iuzayo Zaidi?

Mwanafunzi apewapo jedwali la nchi ziuzazo karatasi na kadibodi ng'ambo, kwa kawaida huitafuta tarakimu iliyo kubwa kuliko zote, akaitangaza nchi hiyo kuwa ya kwanza. Hesabu yake ni sahihi, lakini jibu lake laweza kupotosha.

Zichukuliwe nchi mbili, Ujerumani na Ufini. Mwaka 2018 Ujerumani iliuza nje takriban tani milioni 13, na Ufini karibu tani milioni 10. Kwa kipimo hicho Ujerumani inaongoza. Hata hivyo, mwaka huohuo Ujerumani iliagiza kutoka nje takriban tani milioni 10. Ikitolewa tarakimu hiyo, ziada yake hubaki tani milioni 3 tu. Ufini, ambayo huagiza karatasi kidogo sana, hubaki na karibu tani zake zote. Tena wakazi wa Ufini mwaka huo walikuwa milioni 5.5, ilhali wa Ujerumani walikuwa milioni 83. Hivyo kila Mfini huangukiwa na tani 1.8 hivi za mauzo hayo, na kila Mjerumani kilo 160 tu.

Sababu haiko mbali. Ufini ina misitu mingi na watu wachache, hivyo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za karatasi yake huvuka bahari. Ujerumani hutengeneza karatasi yake kwa kiasi kikubwa kutokana na karatasi zilizokwisha kutumika, na hubadilishana na jirani zake aina moja kwa nyingine. Uchina, itengenezayo zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, hutumia nyingi yazo yenyewe. Jedwali la mauzo ya nje peke yake lingemfanya msomaji aidhanie kuwa nchi ndogo katika kazi hii.

Tani yenyewe nayo yataka kuangaliwa. Tani ya metriki ni kilo 1,000, lakini tani fupi ya Marekani ni kilo 907. Anayelinganisha majedwali ya zamani bila kutazama kipimo hukosea karibu sehemu moja kwa kumi, kosa linalotosha kubadili mpangilio wa nchi.

Uzito, zaidi ya hayo, hausemi kitu kuhusu eneo. Karatasi ya magazeti yenye gramu 45 kwa mita ya mraba hutoa mita za mraba 22,222 kwa tani moja. Kadibodi ya gramu 150 hutoa 6,667 tu. Nchi mbili zenye tani sawa huenda zimeuza bidhaa zisizofanana hata kidogo. (Darasani, mizani ndogo na rula vyatosha kuhakikisha jambo hili kwa karatasi ya daftari.)

Mwisho, tarakimu za muuzaji na za mnunuzi hazilingani daima. Shehena iondokayo bandarini Desemba huandikwa na muuzaji katika mwaka unaokwisha, na mnunuzi huiandika Januari. Shehena ipitiayo Rotterdam huweza kuandikwa kuwa imeuzwa Uholanzi, ijapokuwa safari yake yaishia kwingine.

Zoezi: Nchi A imeuza nje tani fupi 500,000 na kuagiza tani za metriki 120,000. Nchi B imeuza tani za metriki 460,000 na kuagiza 30,000. Ipi ina ziada kubwa zaidi, na kwa tani ngapi za metriki? (Jibu: B, kwa tani 96,500.)