Fujo Zikilipuka Kampala

Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alipokamatwa wilayani Luuka tarehe 18 Novemba 2020, Kampala haikuchukua hata nusu siku kuwaka. Matairi yalichomwa barabarani, mabomu ya machozi yakarushwa, kisha zikaja risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, siku mbili zile zilimaliza watu 54, na Rais Museveni alikiri baadaye kwamba miongoni mwao walikuwemo waliopigwa na risasi zilizopotea. Wapita njia, si waandamanaji. Kwa hiyo kusema "mimi siasa simo" hakumkingi mtu. Kinachomsaidia ni mambo machache aliyoyazoea kabla ya siku yenyewe.

La kwanza ni njia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Wengi wetu tunaijua njia moja tu, ile ya teksi. Anayefanya kazi Kikuubo na kuishi Ntinda aijue ya Jinja Road hadi Nakawa, lakini aijue pia ya kupitia Kamwokya na Bukoto. Aitembee siku ya amani, aone panapopitika na pasipopitika. Na siku ya kazi asikose viatu anavyoweza kutembea navyo mwendo mrefu.

Mji wenyewe hutoa dalili kabla haujachafuka. Wenye maduka wanaanza kushusha mageti saa tano asubuhi, makondakta wanapandisha nauli ghafla, bodaboda zinarudi kutoka upande mmoja zikiwa tupu. Ukiyaona hayo, usisubiri kuambiwa kuna nini. Ondoka mapema, ukipitia upande ambao watu hawaukimbii.

Ukikwama ndani ya arkedi, yaani jengo la ghorofa lenye maduka mengi, jambo la hatari zaidi ni kusimama kwenye baraza za juu kutazama na kupiga picha. Risasi iliyopigwa hewani lazima itue mahali. Mabati, mbao na kioo haviizuii. Ukuta wa matofali au zege unasaidia, na kuta mbili zinasaidia zaidi. Lala chini, mbali na madirisha. Kama uko barabarani na hakuna ukuta, jikinge nyuma ya gari upande wa injini. Halafu arkedi ina tatizo lake jingine: walinzi hufunga geti kuu, na moshi ukiingia mnabaki kukabwa ndani. Kama umepanga duka humo, uliza leo ngazi ya nyuma iko wapi na ufunguo anao nani.

Moshi wa machozi ukikupata, usisugue macho wala usipake vaselini. Elekea upepo unakotoka, osha macho kwa maji safi mengi, na ukishafika salama uvue nguo za juu. Anayevaa lenzi azitoe, kwa mikono iliyonawa.

Ukikutana na askari, mikono yako ionekane na simu ibaki mfukoni. Amri nyingi utazisikia kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachotumika jeshini: "Lala chini!", "Mikono juu!", "Rudi nyuma!" Mfundishe hata mwanao anayejua Kiganda na Kiingereza tu. Anayechelewa kwa sababu hakuelewa anaweza kudhaniwa mkaidi.

Bomu lina desturi yake mbaya: mara nyingi hufuatiwa na jingine. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, lililipuka la Kabalagala kwanza, kisha mawili yakafuatana katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2021, milipuko ya karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na ya Parliamentary Avenue ilipishana kwa dakika chache tu. Kwa hiyo ukisikia mlipuko, usiukimbilie kwenda kuona, wala usijazane na wengine kwenye mlango mmoja. Mkanyagano peke yake unaua, kama tulivyoona kwenye jengo la maduka la Freedom City usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023. Ukibanwa na umati, weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, kisha sogea kwa upande hadi ukingoni. Usipambane na mkondo.

Sasa damu. Hapa nawaomba msome mara mbili, maana aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kufa ndani ya dakika chache, na ambulensi haipiti kirahisi kwenye foleni ya Kampala hata siku ya kawaida. Mtu wa karibu ni wewe. Tafuta damu inatoka wapi. Chana nguo ukilazimika. Kunja kitenge, weka juu ya jeraha, nyoosha mikono na ukandamize kwa uzito wa mwili wako wote. Usifunue kila mara kuchungulia. Kama jeraha ni refu kwenda ndani, kwenye kinena au kwapa, shindilia kitambaa ndani kisha ukandamize. Kama ni la mkono au mguu na damu bado inaruka, chukua kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, kifunge kati ya jeraha na moyo, si kwenye kiungo, pitisha kijiti na ukizungushe hadi damu isimame. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga kwenye ngozi yake, umfunike asipate baridi, usimpe kinywaji, umpeleke Mulago au hospitali yoyote iliyo karibu. Wengi hubebwa kwa bodaboda, na hapo lazima mtu wa tatu akae nyuma yake akiendelea kukandamiza. Kusoma tu hakutoshi: Chama cha Msalaba Mwekundu, chenye makao yake Rubaga, hufundisha huduma ya kwanza. Nenda ukajizoeze kwa mikono.

Simu nayo isitegemewe kupita kiasi. Siku ya uchaguzi wa 2016 pesa za simu zilifungwa, na Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Weka noti ndogondogo mfukoni, nauli na maji, pamoja na namba za watu wako watatu kwenye karatasi. Namba ya polisi ni 999, au 112.

Watoto wawe na mpango wao. Walio shuleni wabaki shuleni mpaka aje mtu ambaye jina lake mwalimu analo, hata kama ni usiku. Watu wazima wapange nyumba moja nje ya katikati ya mji, kwa shangazi au rafiki, pa kukutania njia ya nyumbani ikifungwa. Mwenye nyumba hiyo naye aulizwe mapema, leo jioni kama inawezekana.