Nyumba Iliyouzwa kwa Pauni 10

Kusini mwa Uingereza, katika wilaya ya Sussex, kando ya mto Cuckmere, kiko kijiji kiitwacho Alfriston. Karibu na kanisa lake la Mtakatifu Andrea imesimama nyumba ya miti, iliyoezekwa kwa nyasi, ambayo watu huiita Nyumba ya Makasisi. Mwaka 1896 nyumba hiyo iliuzwa kwa pauni 10. Twataka kueleza jinsi ilivyojengwa, na jinsi ilivyoponea chupuchupu kubomolewa.

Umri wake ni miaka 600 au zaidi kidogo. Jina lake lisitudanganye: wataalamu wadhani ya kuwa aliyeijenga hakuwa padre, bali mkulima mwenye nafasi, na kwamba ilipita baadaye katika mikono ya kanisa.

Mifupa yake ni ya mwaloni. Mafundi wa zama zile hawakungoja mti huo ukauke. Waliuchonga ungali mbichi, maana ukisha kukauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Ncha ya mti mmoja ilichongwa mfano wa ulimi, ikatiwa katika tundu la mti mwenziwe, kisha kikapigiliwa kigingi cha mti. Viungo hivyo havikuhitaji msumari wa chuma. Mti ulipokauka ulijikunja, na viungo vikazidi kubana. Ndiyo sababu nyumba za namna hii huonekana zimepinda, wala hazianguki. Kati ya nguzo na nguzo walisuka fito, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Msomaji aliyepata kukandika nyumba kijijini hana haja ya kuelezwa zaidi.

Ndani, katikati, pana ukumbi usio na dari, na jicho hupanda moja kwa moja hadi kwenye makombamoyo ya paa. Zamani moto wa ukumbi kama huo uliwashwa sakafuni, nao moshi ukajitafutia njia ya kutokea juu. Katika nyumba za mtindo huu, ambazo ni nyingi katika Sussex na Kent, pande mbili za ukumbi huwa na vyumba vya chini na vya juu, na vile vya juu hutokeza mbele kidogo. Paa moja refu hufunika vyote. Sakafu ya ukumbi wa Alfriston ni ya ajabu zaidi: ni mawe laini ya chaki yaliyopondwa, yakashindiliwa na kunyweshwa maziwa yaliyochacha, mpaka yakawa magumu.

Ilipofika karne ya 19 nyumba ilikuwa imechakaa vibaya, na wakuu wa Kanisa la Uingereza, waliokuwa wenye mali, walikwisha kukubali ibomolewe. Tusiwalaumu upesi. Ni nani apendaye kutumia fedha nyingi kwa kibanda kibovu cha nyasi? Walakini kasisi wa Kianglikana wa kijiji hicho, F. W. Beynon, hakuridhika. Alikiendea chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, na kwa njia hiyo habari ikafika National Trust. Chama hiki kilizaliwa mwaka 1895, wala hakikuwa bado na jengo hata moja.

Mmojawapo wa waanzilishi wake alikuwa Octavia Hill, bibi aliyejulikana kwa kazi yake ya kutengeneza makao ya maskini wa London. Yeye alilishika shauri hili kwa nguvu. Pauni 10 zilipatikana kwa urahisi. Taabu ilikuwa matengenezo, ambayo yalitaka mamia ya pauni, naye akawaandikia watu kuomba sadaka. Kazi ilipoanza, mafundi hawakuifanya nyumba kuwa mpya. Waliondoa kilichooza, wakaacha kilicho kizima hata kama kimepinda. Kwa maoni yetu jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kununua, maana fundi stadi hupenda kunyosha kila anachokiona kimepinda.

Nyumba ingali pale, na wageni huizuru. Katika pembe ya ukumbi limechongwa jani la mwaloni. Alama ya National Trust nayo ni majani ya mwaloni, na wako wasemao kwamba yalitoka hapo, ingawa hakuna aliyethibitisha.