PES 6 Haina Kosa, Inayochelewa Ni TV Yako

Idd iliyopita binamu yangu alikuja kutoka Tanga na begi lililotuna upande mmoja. Mke wangu akadhani ni machungwa ya Muheza. Kumbe ni PlayStation 2, ile nene ya zamani, pedi mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira, na diski ya PES 6, gemu ya mpira. Pilau ilipokwisha tukawaondoa watoto sebuleni, tukachomeka waya wa njano, mweupe na mwekundu kwenye TV yangu ya ukutani, tukakaa chini kwenye zulia. Akanipiga nne bila.

Asiyemjua binamu yangu ataona ni mchezo tu, leo kwako kesho kwangu. Mimi namjua. Mwaka 2006, kwenye banda la gemu kule Ngamiani, Tanga, huyu alikuwa mtu wa benchi. Sheria ya banda ilikuwa moja: anayefungwa analipa na anainuka. Yeye alisubiri zamu mchana kutwa, akiipata anadumu mechi moja, analipa, anainuka. Sasa amekaa kwangu, anakula pilau yangu, ananipiga nne, halafu ananiambia, "Binamu, umri huo. Vidole vimeshakuwa vya mzee wa baraza."

Niliamua hapo hapo kwamba sikubali.

Niueleze kidogo ule msimu, maana bila hivyo huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye kazi anazunguka mjini akitafuta TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo. Ulikuwa mwaka wa ukame. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yamepungua, nchi nzima iko kwenye mgao wa umeme. Kombe la Dunia la Ujerumani tuliliangalia kwa kuhamahama, ukisikia mtaa fulani umeme upo, mnakwenda huko kama msafara wa harusi. Fainali tuliiona nusu. Zidane alipompiga Materazzi kichwa, kwetu ilikuwa giza, tukasimuliwa. Halafu ikaja Oktoba, mtihani wa kidato cha nne, halafu ile likizo ndefu ya kusubiri matokeo ambayo mtu huna shule, huna kazi, na nyumbani ukionekana unatumwa. Tukahamia bandani.

Mwenye banda alikuwa na kajenereta ka kuvuta kamba. Kakilegea, picha ilisinyaa kwenye kioo, uwanja ukapungua pande zote, na sisi tukaendelea kucheza. Kwanza tulikuwa na Winning Eleven ya Kijapani, mtangazaji Jon Kabira anapiga kelele kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na menyu zote tulizikariri kwa nafasi: chini mara mbili, duara, kulia, duara. Kisha PES 6, iliyotoka Ulaya mwezi huo wa Oktoba, nayo ikafika. Ilikuja kama diski ya kuchomwa, kava lake fotokopi ya fotokopi, Adriano hana uso kwa wino uliovuja. Tulimtambua kwa jezi ya Inter. Ndani ya wiki moja ukutani pakabandikwa karatasi: INTER MARUFUKU. KUPIGA PEDI CHINI FAINI 500. Waliocheza wanajua sababu. Adriano wa PES 6 alikuwa na nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto. Ukivuka tu katikati ya uwanja ukashika kitufe cha mraba, kipa anaingia wavuni pamoja na mpira. Chelsea haikuwa na leseni, ikaitwa London FC, na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Kuna vijana pale Ngamiani mpaka leo wanaiita Chelsea "London Efusii".

Mimi nilikuwa wa Arsenal. Pasi fupi, pembetatu kwa Henry, R2 unamalizia kwa kuuweka. Mpira wangu wote ulikuwa wa kugusa mara moja. Binamu yeye alibutua: duara, duara, mraba. Shika hapo, maana ndipo siri yote ilipo.

Basi, ukitaka kurudia gemu za zamani, hatua zenyewe ni hizi. Kwanza, pata mashine inayosoma diski. Pili, pata pedi halali, Dual Shock 2 ya Sony yenyewe hata kama imechakaa, kwa sababu zile za dukani leo kijiti chake kinaelea na kitufe cha R1 kinakwama. Tatu, memori kadi, nitaisema baadaye. Nne ni TV, na hapo ndipo nilipokwama.

Usiku ule wa Idd binamu alilalamika sauti ya TV yangu ni nyembamba. TV hizi za bapa zote sauti yake ni ya nzi ndani ya kopo. Akachomoa waya mweupe na mwekundu kwenye TV akachomeka kwenye sabufa, wa njano akauacha mahali pake. Tukaanza mechi nyingine. Fabregas kwa Henry, nikabonyeza mraba, nikasikia PAA ya mguu kwenye sabufa, na Henry bado anakimbia. Mpira ukaondoka baadaye. Nikamwambia, "Simamisha." Nikatoka kwenye mechi, nikarudi kwenye menyu, nikawa nabonyeza chini, chini, chini. Sabufa inalia, ndipo alama kwenye kioo inashuka. Inalia, inashuka.

Kumbe TV inachelewesha picha, na spika zake inazichelewesha vilevile ili mtu asigundue! Sauti ilipopita njia nyingine, uongo ukatoka hadharani.

Jambo lenyewe liko hivi. PlayStation 2 haitoi picha nzima kwa mkupuo. Kwa mfumo wa PAL inatoa nusu picha mara 50 kwa sekunde: mistari isiyogawanyika kwa mbili kwanza, kisha mistari shufwa. TV ya chogo haina akili. Mistari ikifika inaichora papo hapo, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini. TV ya bapa haiwezi. Inasubiri nusu zote mbili, inaziunganisha, inazikuza zijae kioo chenye mistari 1080 au zaidi, inasafisha, inanoa, inakoleza rangi ili uone umenunua kitu, ndipo ikuonyeshe. Kwenye TV nyingi kazi hiyo yote inaweza kula sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi. Ukiangalia taarifa ya habari huoni kitu. Ukicheza mpira wa kugusa mara moja, beki ameshachukua. Anayebutua hasumbuki, kwa sababu mpira wake uko hewani sekunde mbili nzima, ana muda wa kusubiri picha ije. Hivyo ndivyo nilivyofungwa nne.

Nilimweleza binamu haya yote kwa utulivu. Akasema, "Mwenye kushindwa hakosi fundi." Akaenda kulala.

Kesho yake nikaingia Kariakoo, hapa hapa Dar. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu kupita kiasi, aliniuzia kidude cha kugeuza AV kuwa HDMI. Aliapa kinaondoa tatizo hilo moja kwa moja, "bro hii ndiyo wanatumia wote". Nikakijaribu nyumbani kwa njia ya sabufa: pengo kati ya mlio na picha likaongezeka! Bila shaka likaongezeka, kwa sababu kidude nacho kina kazi yake ya kukuza picha kabla ya TV kuanza ya kwake. Nilipokirudisha aliniambia shida ni mashine yangu ya kizamani. Tangu siku hiyo, muuzaji akiniambia "wanatumia wote" mimi nashika njia.

Kwa hiyo nikaanza kwenda madukani na ushahidi. PS2 mkobani, sabufa ndogo mkononi, naomba TV moja tu niichomeke kwa dakika mbili. Wengine walinifukuza. Mama mmoja mwenye duka aliniruhusu, akavuta kiti, na tulipofika TV ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Hii nayo bado, sauti imetangulia." Huyo ndiye muuzaji pekee niliyemheshimu safari nzima ile, na sikununua kwake, kwa sababu zote zilichelewa. Zilichopishana ni kiasi. Ilibainika kwamba ukiingia kwenye mipangilio ya picha ukachagua hali ya gemu, pengo linapungua sana, kwenye nyingine linabaki dogo tu. Kama huna njia ya kupata chogo, fanya hivyo, na uzime kila kitu chenye maneno ya kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Picha itakuwa mbaya zaidi. Mwaka 2006 picha ilikuwa mbaya pia, na hukulalamika.

Kipimo chenyewe, kwa anayetaka kukirudia nyumbani: mweupe na mwekundu kwenye sabufa au redio yoyote yenye tundu la AUX, njano kwenye TV, sauti ya TV uizime kabisa. Sabufa itumie waya. Bluetooth nayo ina uchelewaji wake, itakudanganya. Ingia kwenye menyu ya gemu yenye mlio wa kitufe, bonyeza kwa mdundo sawasawa, kama mtu anayepiga kengele, na usiangalie kidole, angalia kioo. Mlio na alama vikienda pamoja, TV hiyo inafaa. Ukisikia kabla hujaona, hapo kuna mwizi.

Chogo niliipata kwa fundi wa redio Temeke, imewekwa sakafuni, juu yake kuna beseni la vyombo. Inchi 21. Aliponiuliza naitakia nini nikamwambia gemu, akacheka mpaka akakaa. Alitaka elfu hamsini, nikampa thelathini na akanisaidia kuipandisha bajaji. Kabla ya kulipa, iwashe na uiache iive robo saa, usiridhike na dakika ya kwanza. Picha ikijikunja ikawa mstari mmoja mlalo katikati, sakiti ya wima imekufa. Pembe zikiwa na mabaka ya zambarau, ilikaa karibu na spika yenye sumaku; izime na kuiwasha mara kadhaa, kwa kupumzisha katikati, mara nyingi yanaondoka. Peleka mkono karibu na kioo: vinyweleo vikisimama, umeme wa volti kubwa unafika kwenye bomba. Na kifuniko cha nyuma usikiguse kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Mle ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti, fundi mwenyewe anauondoa kwanza ndipo atie mkono.

Jambo moja lilikaribia kunipotosha. Diski ya Kijapani ya Winning Eleven kwenye chogo hiyo ilitoka nyeusi na nyeupe. Binamu akafurahi, akidhani nimeuziwa bomu. Haikuwa bomu. Gemu za Japani na Marekani zina rangi za mfumo wa NTSC, za Ulaya PAL. Chogo nyingi zilizoingia kwetu zinasoma yote mawili, ila inabidi uingie kwenye menyu ya mfumo wa rangi uichague AUTO au NTSC. Nikabonyeza, nyasi zikawa kijani. Kama menyu hiyo haimo kwenye TV, cheza diski za Ulaya tu, usihangaike.

Mechi ya marudiano ilichezwa Jumapili jioni. Sikuhitaji sabufa tena, lakini niliichomeka makusudi ili asikie mwenyewe. Mlio na picha, pamoja. Dakika ya 8 Ljungberg akakata ndani, pembetatu, Henry, R2. Moja. Sitaki kuongeza chumvi, niseme tu kwamba hadi mapumziko zilikuwa tatu, na mechi iliyofuata aliomba achukue Inter. Nikamkumbusha karatasi ya ukutani. Akasema karatasi ile ilikuwa ya Tanga, hapa ni Dar. Nikamwachia. Adriano akafunga moja kutoka karibu na nyumbani kwao, haikusaidia. Tano moja. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza nani kafa.

Memori kadi, niliahidi. Ile halisi ya Sony ni MB 8 na inatosha. Hizi zinazoandikwa 64 na 128 zinazouzwa kwa bei ya soda mbili, nilikuwa nayo moja, ikanimeza msimu mzima wa Master League siku ambayo nimepanda daraja, ikaniandikia haina kitu ndani. Msimu mzima! Nunua iliyotumika, kwa mtu aliyeitumia, na uombe akuonyeshe faili zake za miaka hiyo zikifunguka mbele yako. Kadi iliyoshika data tangu enzi hizo itashika na ya kwako.

Na ukianza hiyo Master League na wachezaji wa bure, usikimbilie kumuuza Castolo kwa kuwa jina lake hulijui. Mpe mechi, anafunga. Minanda naye mwache katikati. Wa kuondoa haraka ni Ivarov. Yule si kipa.