Lisbon kwa Siku Moja: Vidokezo 9 vya Msafiri Mwenye Haraka

Mkutano umeisha jana na ndege ni kesho alfajiri. Au unapita tu, unasubiri safari ya kuunganisha. Vyovyote iwavyo, umejaliwa siku nzima katika mji mkuu wa Ureno, na siku moja Lisbon inatosha kabisa ukijua pa kuanzia. Tena kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, mji huu una hazina ambayo wageni wengi huipita bila kujua. Tutafika huko kwenye namba 6, usiruke! Haya, funga kamba za viatu.

1. Viatu kwanza, picha baadaye

Njia za wapita kwa miguu Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mapambo. Pale uwanja wa Rossio vinachora mawimbi, na ukiyatazama sana unahisi ardhi inacheza. Vinapendeza, lakini nyayo za miaka mingi zimevilainisha, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Vaa raba zenye soli inayoshika. Halafu mbinu ya kuokoa magoti: mji wote ni vilima, kwa hiyo panda kwa tramu au basi, ushuke kwa miguu. Ukifanya kinyume chake, saa sita mchana utakuwa hoi.

2. Kadi moja ya kukufikisha kote

Kwenye mashine za stesheni za metro, hata ile ya uwanja wa ndege, nunua kadi iitwayo Navegante. Kadi yenyewe ni senti 50 tu za yuro. Kuna tiketi ya saa 24, lakini kwa mzunguko wetu wa leo ni afadhali uweke salio, mtindo ambao wenyewe huuita *zapping*, kwa sababu salio hilo hukubaliwa kwenye metro, mabasi, tramu, treni za karibu na feri pia. Nauli hukatwa kidogo kidogo, na ni nafuu kuliko kumlipa dereva taslimu. Mpo wawili? Kila mtu na kadi yake. Hamuwezi kutumia moja.

3. Iwahi tramu namba 28

Hii ndiyo ile ya njano ya kwenye postikadi, ya mbao ndani, inayopenya vichochoro vyembamba hadi unadhani itagonga ukuta. Ipandie Martim Moniz, inakoanzia, kabla ya saa tatu asubuhi. Hapo utapata kiti cha dirishani. Ukichelewa utakuta foleni ndefu, na ndani ya msongamano huo wezi wa mifukoni nao wako kazini. Pochi ikae mbele, begi likae tumboni. Shuka Portas do Sol, utazame mapaa mekundu ya Alfama yakiteremka hadi mto Tejo. Pumua. Siku ndiyo kwanza imeanza!

4. Kama ni Jumanne au Jumamosi, una bahati

Siku hizo mbili kuna mnada wa Feira da Ladra pale Campo de Santa Clara, mwendo mfupi kutoka Portas do Sol. Sahani za zamani, santuri, mitumba, stempu, funguo zisizo na kufuli, vyote vimetandazwa chini. Patana bei bila haya. Karibu na hapo kuna kuba kubwa jeupe: ni Panteão Nacional, wanamozikwa mashujaa wa nchi. Mpenzi wa soka, ingia. Humo amelazwa Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji ambao leo ni Maputo, akafunga mabao 9 kwenye Kombe la Dunia la 1966. Mtoto wa Msumbiji, kati ya marais na waandishi wa Ureno.

5. Nenda Belém kwa treni

Wageni wengi hubanana kwenye tramu namba 15. Wewe nenda stesheni ya Cais do Sodré, panda treni ya kuelekea Cascais, na baada ya dakika chache umefika. Hakikisha tu ni treni inayosimama Belém, maana za haraka hupitiliza. Na isiwe Jumatatu, siku ambayo milango ya monasteri hufungwa.

Monasteri yenyewe ni Jerónimos, na ndani ya kanisa lake ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama. Ndiye yule aliyetia nanga Mombasa Aprili 1498, akaona hali si shwari, akasogea Malindi alikopewa rubani wa kumvusha hadi India. Ukitoka, vuka upande wa mtoni hadi mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Chini, mbele yake, kuna ramani kubwa ya dunia iliyochorwa kwa mawe, na kuikanyaga ni bure. Itafute pwani yetu, simama juu yake, piga picha.

Njaa? Vitobosha vya maziwa na mayai, *pastéis*, vinauzwa hapo Belém kwenye duka lile lile tangu 1837. Foleni ya nje isikutishe: mara nyingi ni ya wanaobeba. Ingia ndani, vyumba vya kukaa ni vingi. Nyunyiza mdalasini, agiza kahawa ndogo kwa kusema *bica*, na ule vikiwa vya moto.

6. Ukaione dhahabu ya Kilwa

Hapa sasa. Kama una nafasi ya jumba moja tu la makumbusho, liwe Museu Nacional de Arte Antiga, lililo kati ya Belém na katikati ya mji. Angalia kwanza mtandaoni kama liko wazi siku hiyo, kisha ukifika mlangoni ulizia *Custódia de Belém*.

Utaonyeshwa chombo cha kanisani cha dhahabu, chembamba na kirefu, chenye nguzo na vilele kama jengo zima lililopunguzwa. Katikati, mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na rangi zake. Kazi hiyo husemwa ni ya sonara Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506. Lakini dhahabu ilitoka wapi? Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu zenye mizinga, akaingia bandari ya Kilwa, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ndiyo iliyofika Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo hiki. Haikufichwa: maandishi yanayozunguka kitako chake yanataja kwamba ni kodi ya Kilwa. Na kodi haikuiokoa Kilwa, kwani mwaka 1505 Wareno walirudi wakauteka mji na kuupora, kisha wakaichoma Mombasa.

Mbinu: Wareno huandika Quíloa. Likariri jina hilo ulitambue kwenye maelezo. Halafu usiondoke mbio. Kikundi cha watalii kipite, kingine kipite, wewe baki. Wengi wao wanaona ufundi tu. Wewe unajua magofu ya Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkuu na kuba zake, na ndiyo maana una haki ya kukitazama muda mrefu kuliko wote.

7. Mkate wa mezani unalipiwa

Umekaa mgahawani, mara mhudumu anakuletea mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Ukarimu ulioje! La, kila ulichogusa kitaingia kwenye bili. Hutaki? Sema *não, obrigado*, au *obrigada* kama wewe ni mwanamke, na vitaondolewa bila kinyongo. Mchana agiza *prato do dia*, chakula cha siku, kwa kawaida ni cha kushibisha na bei yake nzuri. Sandwichi maarufu iitwayo *bifana* ni ya nguruwe. Anayetaka halali aende mtaa wa Mouraria, Rua do Benformoso, atachagua mwenyewe.

8. Alasiri, kaa barazani

Pembeni mwa Rossio kuna kiwanja cha Largo de São Domingos. Waafrika wa Lisbon, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana hapo kupiga soga. Salimia, kaa, sikiliza mji ukizungumza. Kisha chungulia kanisa la hapo, lililoungua mwaka 1959: nguzo zake bado zina makovu ya moto.

9. Malizia kwa feri

Boti za utalii za jioni ni ghali. Rudi Cais do Sodré, gusisha kadi yako, panda feri ya watu wanaorudi nyumbani Cacilhas. Ni kama dakika kumi tu, na mzoefu wa Likoni au Kigamboni atajisikia yuko kwao. Kaa upande wa kulia, uone daraja lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar. Sasa linaitwa 25 de Abril, siku ya mapinduzi ya 1974 yaliyofungua njia ya uhuru wa Msumbiji mwaka uliofuata, baada ya miaka kumi ya vita vya Frelimo, chama kilichoundwa Dar es Salaam.

Ukirudi ng'ambo, metro iko hapo hapo: njia ya kijani hadi Alameda, badilisha uchukue nyekundu, na hiyo inakufikisha uwanja wa ndege. Hufungwa saa saba usiku, kwa hiyo bado una muda wa sahani moja ya dagaa wakubwa wa kuchoma.